Kabla hujailaumu nikeli

Nilipoanza kazi ya vichocheo, yaani vitu vinavyoharakisha mabadiliko ya kikemia bila vyenyewe kuisha, nilipoteza miezi mitatu nikiilaumu nikeli, kumbe kosa lilikuwa kwenye maganda ya mpunga na kwenye unyevu wa jiji hili la Dar. Naandika kwa mdogo wangu yeyote anayeingia maabara mwaka huu na mada ya kugeuza hewa ukaa kuwa nishati.

Kemia yenyewe ni ya zamani. Mfaransa Paul Sabatier, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1912, alionyesha kuwa hewa ukaa ikikutana na haidrojeni juu ya nikeli ya moto hutoa methani na maji. Molekuli moja ya hewa ukaa hula nne za haidrojeni, na nusu ya haidrojeni hiyo inaishia kwenye maji. Mjomba wangu, anayeendesha bajaji ya gesi, aliniuliza, “Methani si ndiyo ile ya Songo Songo?” Ndiyo hiyo hiyo, gesi asilia, na bomba lake limefika Dar tangu 2004. Basi kwa nini tuitengeneze? Sikuwa na jibu la kumridhisha. Bila haidrojeni ya bei nafuu, hapa kwetu hii bado ni kazi ya maabara.

Sasa kibebeo. Nikeli haiwekwi peke yake. Husambazwa juu ya unga wenye vitundu vingi ili chembe zake zibaki ndogo na zisishikamane kwenye joto. Wenzangu walinunua alumina, unga wa oksidi ya aluminiamu. Mimi, kwa kubana matumizi, nilibeba kiroba cha maganda kutoka mashine ya kukoboa Tandale, maana majivu yake karibu yote ni silika, kitu kile kile cha mchanga. Nikayachoma bila kuyaosha. Majivu yakatoka na madoa meusi, nami nikaona sawa tu. Potasiamu iliyomo kwenye maganda huilainisha silika motoni, vitundu vinaziba na kaboni inanaswa ndani. Chemsha kwanza kwenye asidi hafifu ya haidrokloriki, kisha suuza, tena suuza hadi uchoke, kwa sababu kloridi ikibaki inaidhuru nikeli.

Kabla ya kuweka metali yoyote, pima kibebeo kinakunywa maji kiasi gani. Chukua gramu moja, dondosha maji tone kwa tone huku ukikoroga. Mwanzoni unga unabaki mkavu kana kwamba hujaweka kitu. Halafu tone moja linafika, unga unashikana na kung'aa kama mchanga wa Coco Beach maji yakishakupwa. Hapo simama. Ujazo huo ndio wa kuyeyushia nitrati yako ya nikeli, chumvi inayobeba metali yenyewe. Ukizidisha, chumvi inabaki nje ya vitundu. Kausha polepole. Wakati wa kuchoma utaona moshi wa kahawia: ni sumu, usichome nje ya kabati la kufyonza hewa.

Umeme nao. Siku moja ulikatika nikiwa katikati ya kuondoa oksijeni kwenye nikeli kwa haidrojeni. Nikafungua bomba lenye sampuli likiwa bado la moto nione kulikoni. Nikeli iliyokwisha safishwa ikakutana na hewa, ikawaka wekundu mbele ya macho yangu. Sampuli ya wiki nzima ikaishia hapo, na ingeweza kuwa mkono wangu. Uwe na mtungi wa naitrojeni unaofunguliwa kwa mkono, ili umeme ukikatika uikinge nikeli na hewa.

Naitrojeni hiyo hiyo ipitishe kila unapomaliza, kabla ya kupoza. Mchakato huu hutoa pia kaboni monoksaidi kidogo, nayo ikiigusa nikeli inayopoa inaweza kuunda kabonili ya nikeli, sumu kali mno inayochemka kwenye nyuzi 43 tu.

Na ule unyevu? Nitrati ya nikeli hunyonya maji ya hewani. Mwezi wa Aprili nilikuwa napima mvua nikidhani napima nikeli. Siku hizi chupa yangu inakaa kwenye ndoo yenye mfuniko, imezungukwa na vile vifuko vya silika vya kwenye maboksi ya viatu. Muuza viatu mmoja wa Kariakoo ananiwekea, ingawa bado anadhani navipeleka kwa mganga.