Vijiji vya milimani Italia: jibu kwa wanaouliza, kutoka Newala hadi Kilwa

Wadogo zetu wa kusini, swali lenu ni lile lile kila picha ya vile vijiji vya rangi juu ya mwamba inapofika kwenye simu za nyumbani. Mwanafunzi aliyeko Italia anaweza kweli kuamka Jumamosi, akaamua hapo hapo kwenda kutembea kijiji hadi kijiji, na usiku akalala kwake? Au ni mambo ya wenye hela?

Anaweza, na ni moja ya starehe za bei nafuu huku. Kwa hiyo msione picha mkadhani mtu ana hela ya kutuma nyumbani. Nyuma ya siku hiyo moja kuna wiki nzima ya maktaba na wali wa kujipikia.

Vijiji vyenyewe ni vitano, vinaitwa Cinque Terre. Ukitoka mji wa La Spezia kwa treni unapita Riomaggiore, Manarola, Corniglia, Vernazza, mwisho Monterosso. Kituo hadi kituo ni dakika chache, ndiyo maana safari ya ghafla inawezekana: ukichoka, unashuka stesheni. Anayesoma Pisa yuko kama saa moja kutoka La Spezia. Tafuta treni ya regionale, yaani ya kawaida ya mkoa, maana nyingi za haraka hazisimami vijijini. Tiketi ya karatasi igonge muhuri kwenye kimashine cha stesheni kabla ya kupanda. Bila muhuri unapigwa faini hata kama umelipia, na kusema wewe ni mgeni hakusaidii kitu.

Anzia Monterosso mapema. Hadi Vernazza ni kama kilomita 3.5, saa mbili hivi, na kipande cha mwanzo ni ngazi za kupanda tu. Njia ni nyembamba: mkono mmoja ukuta wa mawe, mkono mwingine mizabibu inayoteremka kuelekea baharini. Mkipishana, mmoja lazima asimame. Vernazza hadi Corniglia ni saa moja na nusu. Vipande hivi viwili vinalipiwa kwa kadi ya hifadhi, maana eneo lote ni hifadhi ya taifa. Kuna ya njia peke yake, na kuna yenye treni ndani. Njia za juu mlimani ni bure. Fuata alama za rangi nyekundu na nyeupe zilizopakwa kwenye mawe.

Kutoka Corniglia kwenda Manarola, njia ya chini imefungwa miaka mingi kwa maporomoko. Unapanda hadi Volastra, kijiji cha juu mlimani, halafu unateremka Manarola kwa ngazi za mawe zaidi ya 1,000. Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Mtu amejipanga kwa kupanda, kumbe kazi iko kwenye kushuka: kila hatua paja linafunga breki na goti linabeba uzito wote. Vidaraja vya ngazi havilingani kimo, na vingine vimesuguliwa na nyayo hadi vinateleza. Kaza kamba za viatu kabla ya kuteremka, vidole visije vikagonga mbele. Piga hatua fupi. Kidaraja kikiwa kirefu, shuka kiubavu. Aliyezoea kuteremka bondeni kutoka ukingo wa Newala, kule Shimo la Mungu, atayaelewa maneno haya haraka kuliko mtu wa tambarare.

Ndala ziache nyumbani. Hifadhi imekataza ndala na viatu vya wazi njiani, na faini huanzia euro 50. Raba yenye meno inatosha.

Zile kuta zimepangwa kwa mikono, jiwe juu ya jiwe bila saruji, ndizo zinazoshika udongo wa mashamba. Ukikanyaga juu na kungʼoa jiwe moja, mvua inaanzia hapo hapo kuuporomosha ukuta. Tarehe 25 Oktoba 2011 mvua kubwa ilishusha matope yakafukia sehemu za chini za nyumba Vernazza na Monterosso. Ndiyo maana siku ya tahadhari ya hali ya hewa ya rangi ya chungwa au nyekundu njia zinafungwa hata kama jua bado linawaka. Angalia tovuti ya hifadhi asubuhi ile ile, na angalia kama kuna mgomo wa treni. Migomo ipo, ila hutangazwa mapema.

Beba lita moja na nusu ya maji, ujaze tena kwenye mabomba ya kijijini. Penye maandishi “non potabile” usinywe. Focaccia, mkate bapa wa mafuta ya zeituni, huuzwa kwa uzito. Omba “due etti”, yaani gramu 200, na inashibisha. Kahawa inywe umesimama kaunta, maana ukikaa mezani bei inapanda. Korosho za nyumbani mfukoni zinafaa kuliko biskuti. Pasipoti na kibali cha kuishi usiache chumbani. Mgeni akiulizwa na polisi lazima avionyeshe.

Saa nazo zinachanganya. 17:12 kwenye ratiba ni saa kumi na moja na dakika 12 jioni. Desemba jua linazama hata kabla ya hapo, tofauti na kwetu ambako saa ya machweo haichezi sana mwaka mzima.

Kati ya Manarola na Riomaggiore kuna Via dell'Amore, njia ya kutembea kwa miguu iliyoporomoka Septemba 2012 na kufunguliwa tena 2024. Ina tiketi yake, unaikata mapema kwa saa maalumu. Huna? Panda treni, dakika mbili umefika.