Kwa anayeanza kupima usumaku wa semikondakta

Ukiingia maabara kushughulikia semikondakta (vitu vinavyopitisha umeme kwa kiasi tu) zilizotiwa kobalti au manganizi, usianze kueleza usumaku uliouona kabla hujathibitisha kwamba ni wa semikondakta yenyewe.

Mwaka 2000 mwanafizikia Tomasz Dietl na wenzake walikadiria kwamba oksidi ya zinki yenye manganizi asilimia 5, ikiwa na matundu mengi ya kubeba umeme (yaani nafasi zinazokosa elektroni), ingeweza kubaki sumaku hata katika joto la chumba. Makala zilimiminika baada ya hapo, nyingi zikitangaza mafanikio ambayo maabara nyingine zilishindwa kuyarudia. Ukipiga hesabu utaona hatari ilipo. Chukua utando wa oksidi ya zinki wenye unene wa nanomita 100, milimita 5 kwa 5, na kobalti asilimia 5: hata kila atomu ya kobalti ikichangia magnetoni 1 ya Bohr (kipimo cha usumaku wa atomu), utando mzima haufikishi hata theluthi ya usumaku wa chembe ya chuma ya mikrogramu 1. Chembe kama hiyo huweza kuachwa na kibano cha chuma, na ni rahisi jicho kuikosa. Kwa hiyo tumia kibano cha plastiki au titani, kisha upime pia kitako (kipande ambacho utando huwekwa juu yake) kilichopitia hatua zote zilezile, isipokuwa kutiwa kobalti.

Usumaku unaodumu katika joto kali nao ukutie shaka kabla ya kukufurahisha, kwa sababu kobalti tupu hubaki sumaku hadi karibu kelvini 1,390, na vifundo vyake vya nanomita chache huweza kupita bila kuonekana katika kipimo cha kawaida cha eksirei.

Mfano ninaouamini zaidi ni asenidi ya galiamu yenye manganizi. Manganizi inayokaa mahali pa galiamu huleta spini (usumaku mdogo wa elektroni zake) pamoja na tundu 1. Ile inayojipenyeza katikati ya atomu hutoa elektroni 2 na kuyafuta matundu hayo. Sampuli ikiokwa kwa saa kadhaa karibu na nyuzi 200 za Selsiasi, manganizi iliyojipenyeza husogea kuelekea uso wa sampuli, matundu huongezeka, na joto la Curie, yaani joto ambalo juu yake usumaku hupotea, hupanda, ingawa bado liko chini ya joto la chumba. Hapo umeme na usumaku hubadilika pamoja, na huo ndio ushahidi wa kuutafuta: pima athari ya Hall (volti inayojitokeza kando ya mkondo wa umeme ndani ya uga wa sumaku) kwenye utando uleule uliopimwa usumaku, ubadilishe idadi ya matundu, kisha upime tena vyote viwili.