Unataka kusoma anyoni? Anza na chembe mbili

Wanafunzi wa fizikia hapa Kisumu huniuliza: anyoni, chembe zilizo kati ya aina mbili kuu za chembe, bozoni na fermioni, tutazisomea wapi, na maabara za gesi baridi kupindukia ziko ng'ambo? Nami huwaambia wafungue kipakatalishi, wapange chembe mbili kwenye mstari, waanze.

Msingi wake si mrefu. Chembe mbili zinazofanana zikibadilishana nafasi, wimbi linalozieleza huzungushwa kwa pembe fulani: la bozoni hubaki vilevile (pembe 0), la fermioni hugeuka hasi (pembe π, yaani nusu mzunguko). Mwaka 1977 Leinaas na Myrheim, wanafizikia wa Norwe, walionyesha kwamba kwenye bapa, yaani uso wa vipimo viwili, pembe yoyote ya katikati inawezekana. Frank Wilczek akazibatiza anyoni mwaka 1982. Kwenye mstari chembe hazina nafasi ya kuzungukana, basi tunaiga: kila inaporukia kituo jirani, chembe hupewa pembe kulingana na idadi ya zilizopo kituoni hapo. Kikundi cha Markus Greiner kule Harvard kimefanya hivyo kwa atomu halisi za rubidiamu, wakachapisha mwaka 2024. Makala za namna hii ziko arXiv, hifadhi ya mtandaoni ya makala za sayansi, bila malipo. Bando ndogo inatosha.

Tuje kwenye kazi. Chembe 2 katika vituo 20 zina hali 210 tu, yaani njia za kuzipanga, na lugha ya programu ya Python inamaliza hesabu chai ikiwa bado moto. Chembe 4 zina hali 8,855, na matriksi nzima (jedwali la miruko kati ya hali hizo) ya namba changamano inakula takriban gigabaiti 1.25. Chembe 10? Hali zaidi ya milioni 20. Kwa hiyo hifadhi namba za matriksi zisizo sifuri pekee, na usiwe na pupa.

Pembe ikiwa 0, lazima upate bozoni, zinazopenda kuonekana pamoja. Ikiwa π, zikwepane. Katikati, chembe zikisukumana, wingu linasambaa upande mmoja kuliko mwingine, na hapo ndipo utamu ulipo.

Ila angalia sana hapa. Mruko wa kurudi lazima ubebe pembe ileile yenye alama ya kinyume. Ukisahau, programu haitakulalamikia: kwenye 0 na π kosa halionekani kabisa, kwa sababu namba zote ni halisi. Jaribu π/2, ujumlishe uwezekano wote kila hatua. Usipobaki 1, rudi kwenye mstari huo wa msimbo kabla ya kulaumu fizikia.

Na uandike matokeo kwenye diski kila baada ya hatua chache. Stima zetu unazijua.