Kabla hujapiga t-test kwenye data za wanafunzi wako

Nyie mnaoandika tasnifu za elimu sogeeni hapa kidogo. Mimi nilirudishwa sura ya nne nzima. Nilikuwa na madaraja ya mtihani wa kidato cha nne, nikaweka A=1, B=2, C=3, D=4, F=5, nikatafuta wastani, nikapiga t-test (jaribio la kulinganisha wastani wa makundi mawili), nikaona mambo si ndo haya. Siku ya kujitetea nikaulizwa swali moja tu, eti kutoka F kwenda D na kutoka C kwenda B ni hatua sawa? Nikabaki natoa macho. Maana F ni 0 mpaka 29, B ni 65 mpaka 74, yaani moja ina alama 30 na nyingine 10, afu mimi nimezipanga kama ngazi zilizopimwa na fundi.

Hapo ndo nikaanza kusoma takwimu zisizo za kiparametriki, hasa zile zinazotumia nafasi badala ya alama zenyewe, na kiukweli jina ndo linatisha, kitu chenyewe hapana. Si unakumbuka ripoti ya shule, nafasi ya 3 kati ya 87? Ndo hicho hicho. Jaribio linaloitwa Mann-Whitney linawachanganya wanafunzi wa makundi yote mawili, linawapanga kwa nafasi, afu linaangalia nafasi za juu zimejazana upande gani. Ila waliofungana hapa hawaitwi wote wa 3 kama kwenye ripoti, wanagawana nafasi ya 3 na ya 4, kila mtu anapewa 3.5. Utamu wake utauona kwenye alama za hesabu, darasa zima liko kati ya 8 na 25 halafu kuna mmoja kahamia juzi ana 94. Ukitumia wastani huyo mmoja anabeba kundi zima mgongoni, ukitumia nafasi yeye ni wa kwanza basi, hata angepata 40 angekuwa wa kwanza vilevile.

Kuchagua wala sio kazi. Makundi mawili tofauti Mann-Whitney, wanafunzi walewale kabla na baada ya kufundishwa Wilcoxon ya jozi, makundi matatu kwenda juu Kruskal-Wallis (ikikwambia kuna tofauti bado hujajua iko wapi, fuatisha na jaribio la Dunn linalolinganisha makundi mawili mawili), walewale mara tatu au zaidi Friedman, ambaye ni yule yule Milton Friedman wa uchumi, aliileta 1937 hata Nobel ya 1976 haijanukia.

Sasa hapa ndo wengi tunaanguka. Tunaambiwa sampuli ikiwa ndogo kimbilia huku, sawa, lakini kuna mwisho wake. Rafiki yangu alikuwa na shule 3 za majaribio na 3 za kulinganisha, zake zote tatu zikazishinda zile, akashangaa p (uwezekano wa kupata tofauti kubwa hivyo kwa bahati tu) inagoma kushuka chini ya ule mpaka wa kawaida wa 0.05. Haiwezi kushuka! Namna za kuzigawa shule 6 tatu kwa tatu ziko 20 tu, kwahiyo p ndogo kabisa ya pande mbili ni 2 kwa 20, yaani 0.10. Angekuwa na 4 kwa 4 ingefika 0.029. Kwenye jozi nako, watu 5 mwisho wako ni 0.0625, ukiwa na 6 ndo unapata 0.031. Hii hesabu ipige kabla hujapanda basi kwenda kukusanya data, sio baada.

Na usidhani nafasi zinatibu kila ugonjwa. Kama mkondo A unafundishwa na mwalimu mmoja na B na mwingine, huwezi kujua ni mbinu yako au ni mwalimu, hakuna jaribio la kukuokoa hapo.

Programu? Achana na ile SPSS ya kupewa kwenye flashi inayokuja na virusi vyake. JASP na jamovi ni za bure na unabonyeza tu, R pia bure ila unaandika amri, mfano wilcox.test. R ikikupa onyo kwamba imeshindwa kutoa p kamili kwa sababu kuna alama zilizofungana usipaniki kama mimi nilivyofuta kila kitu nikaanza upya saa sita usiku, haijakosea, imetumia makadirio tu, na data za shule kufungana ni kawaida. Ukiripoti weka mediani, U (namba inayotolewa na Mann-Whitney), p na ukubwa wa athari (tofauti ni kubwa kiasi gani), msimamizi wangu huo wa mwisho ndo alikuwa anautafuta kwanza.