Chama cha Tatu Marekani: Maswali Yenu

Ross Perot, tajiri aliyegombea urais nje ya vyama vikubwa viwili, Democratic na Republican, alipata kura karibu milioni 20 mwaka 1992. Chama chake kiko wapi leo? (Msomaji, Tanga)

Zilikuwa asilimia 19 ya kura zote, lakini hakuambulia hata mjumbe mmoja wa kumchagua rais, kwa sababu karibu kila jimbo humpa anayeongoza wajumbe wake wote. Wa pili hapati kifuta jasho. Chama chenyewe, Reform, alikianzisha baadaye, kikawa kinaishi kwa jina lake na pesa zake. Mwaka 1998 Jesse Ventura, mcheza mieleka wa zamani, aliupata ugavana wa Minnesota kwa tiketi ya chama hicho. Mwaka 2000 akakihama. Mwaka huohuo mgombea wao wa urais hakufikisha asilimia 1.

Sasa vyama vya tatu vianzie wapi?

Kwenye udiwani. Najua hakuna kamera huko. Burlington, Vermont, mwaka 1981, Bernie Sanders aligombea umeya bila chama akashinda kwa kura 10. Kumi! Madiwani waliomuunga mkono wakaongezeka uchaguzi hata uchaguzi, na kundi lile ndilo lililozaa Chama cha Progressive, ambacho kimekuwa kikipeleka watu wake kwenye bunge la jimbo. Kabla yao, Wasoshalisti wa Milwaukee walimweka Daniel Hoan kwenye umeya miaka 24, 1916 hadi 1940. Wenzao wa kambi kali waliwacheka kwa kujisifia mabomba ya majitaka. Mpiga kura lakini alikuwa akiyaona.

Kukipa kura chama kidogo si kuitupa? (Msomaji, Mombasa)

Kwa urais, mara nyingi ndiyo. Florida mwaka 2000 Bush wa Republican alimshinda Gore wa Democratic kwa kura 537, na Ralph Nader wa Green alikuwa na zaidi ya 97,000. Wako Wademokrati ambao hawajamsamehe mpaka leo.

New York wana ujanja wao: vyama viwili humsimamisha mtu mmoja, kila kimoja kwenye mstari wake wa karatasi ya kura, kisha kura zinajumlishwa. Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, alishinda umeya Novemba 2025 akiwa kwenye mstari wa Democratic na ule wa Working Families. Hapo chama kidogo kinakwenda kudai chake kikiwa na hesabu mkononi. Majimbo mengi yamepiga marufuku mtindo huo, na mwaka 1997 Mahakama ya Juu ikasema wana haki ya kuupiga marufuku.

Kuna siku chama cha tatu kitaingia Ikulu?

Mimi sioni. Chama cha People's cha wakulima kilipata wajumbe 22 wa kumchagua rais mwaka 1892, kisha mwaka 1896 kikamuunga mkono mgombea wa Democratic kikamezwa. Kilikuwa kikidai kodi ya mapato, na maseneta wachaguliwe na wananchi wenyewe. Mwaka 1913 yote mawili yaliingia kwenye katiba, chama kikiwa kimeshakufa.