Kabla hujanunua difu nyingine, lala chini ya gari kwanza

Wakuu, mwenye Escudo ya zamani au Jimny ya bei poa hapa Mwanza hii habari anaijua. Gari inaanza kulia chini, inapiga kong ukiweka rivasi au inavuma ukifika spidi ya sabini, unaipeleka gereji, fundi anazunguka nayo kidogo tu, akirudi anakwambia difu, lile boksi la gia kwenye ekseli linalogawa nguvu kwa matairi, imekufa, tafuta used. Unatafuta hela, difu inafungwa, wiki hazijapita nyingi mlio uleule umerudi. Nimeona watu wengi wakiliwa hela hivi na inaniuma sana kwa sababu mara nyingi ugonjwa ulikuwa kwenye kitu kidogo cha pembeni, na kile kitu mtu angeweza kukibadilisha mwenyewe nyumbani kwake jumapili mchana.

Mi natumia Escudo ya miaka ya 90, 1600cc, ile nchi nyingine wanaiita Vitara, na mfumo wake wote wa kupeleka nguvu kwenye matairi nauhudumia mwenyewe nyumbani Buhongwa. Nazipenda hizi gari kwa sababu zina chesisi kabisa, propela, yale mabomba marefu yanayopeleka nguvu mpaka kwenye difu, ziko wazi, difu ya nyuma unaiona kwa macho, ukilala chini na tochi ya simu karibu kila kitu unakifikia bila kushusha injini. Na sisi wa ziwani tuna bahati moja, maji yetu hayana chumvi, gari iliyoishi huku bolti zake za chini zinafunguka, tofauti kabisa na gari iliyokaa miaka pwani ambayo kila nati unapigana nayo.

Kitu cha kwanza ni kusikiliza, tena kusikiliza kwa mpangilio. Tafuta barabara ya lami iliyonyooka, mimi huwa naenda ile ya kutoka Usagara kuelekea Kigongo, alafu jiulize mlio unatokea ukifanya nini. Kama ni mvumo unaobadilika ukikanyaga mafuta na ukiachia mafuta, hapo difu ina kesi ya kujibu, beringi za piniani (gia ndogo ya ndani inayozungushwa na propela) au krauni yenyewe (gia kubwa inayozungushwa na piniani). Ila kama mvumo haujali mafuta, unabadilika pale unapoyumbisha stelingi kidogo kushoto na kulia, hiyo ni beringi ya tairi bana, usimsingizie difu. Ukikata kona mpaka mwisho ikagonga ka-ka-ka mbele, hiyo ni CV jointi ya nje, kiungo cha ekseli ya mbele kilicho karibu na tairi. Gari nzima ikitetemeka kuanzia spidi fulani na kwenye spidi ndogo imetulia, angalia propela na matairi. Na ule mlio wa chwi chwi chwi ukitembea taratibu mtaani, unaoongezeka kadri gari inavyokimbia, mara nyingi ni kros jointi, kile kiungo cha umbo la msalaba kwenye ncha za propela, imekauka grisi, ukiipuuza itafika siku ianze kupiga kong na baadae ikatike kabisa ukiwa njiani.

Kuna kipimo kimoja nakipenda kwa gari zenye kijiti cha fowili, cha kuunganisha matairi yote manne, zile ambazo ukiwa 2H zinasukumwa na matairi ya nyuma tu. Unafungua propela ya mbele, unaitoa, unaendesha ukiwa 2H. Mlio ukipotea basi ugonjwa uko upande wa mbele, ukibaki tafuta nyuma. Kipimo hiki usikifanye kwenye gari za fowili ya muda wote kama Forester, zile zinagawa nguvu kwa namna nyingine na ukiondoa propela moja unaweza kuua kitu kilichokuwa kizima. Na kama propela yako inaingia kwenye transifa (boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma) kwa meno, bila flenji (sahani ya kufungia bolti), ukiichomoa oili itamwagika, kwa hiyo weka beseni na uzibe tundu, usiendeshe likiwa wazi.

Kabla hujagusa bolti yoyote zingatia hili. Ukishatoa propela ya nyuma gari haishikwi na gia tena, hata ukiacha gia namba moja au P inatembea yenyewe, na nyumba zetu nyingi ziko miinukoni. Weka mawe nyuma na mbele ya matairi, Mwanza mawe hatujawahi kukosa, vuta hendibreki, na usilale chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake hata kama ni dakika mbili. Nunua stendi za chuma au azima. Tofali za bloku hapana, zinapasuka ghafla bila kutoa dalili yoyote. Kama hauna stendi kazi isubiri, na hili sitaki kubishana na mtu.

Haya, kros jointi. Hii nitaieleza kwa kirefu maana ndo inayosingiziwa kuwa difu kuliko kitu kingine chochote. Gari ikiwa imezuiwa vizuri na gia iko frii, shika propela kwa mikono miwili uizungushe huku na huku, alafu isukume juu chini. Angalia pale kwenye kros kama upande mmoja unatangulia na mwingine unafuata baadae, na ukiona unga mwekundu wa kutu umezunguka vikofia vinavyofunika ncha zake nne basi jibu umepata, ndani hamna grisi, sindano za beringi zinasagana kavu. Kabla ya kufungua chukua rangi au tipeksi uweke alama kwenye flenji ya propela na flenji ya difu, na kama propela inachomoka vipande viwili weka alama pia pale inapochomekana, kwa sababu zile uma mbili zinazoshika kros mwanzo na mwisho lazima zikae mstari mmoja kama zilivyokuwa, ukikosea meno machache tu gari itatetemeka na utarudi kuilaumu kros mpya.

Ukishaishusha isafishe kwa brashi ya waya na dizeli mpaka uone kilipu zote nne, zile zinazozuia vikofia visitoke. Zitoe kwa koleo. Kinachofuata ni kusukuma, unachukua soketi ndogo kuliko kikofia unaiweka upande mmoja, upande wa pili unaweka soketi kubwa ambayo kikofia kinaweza kuingia ndani yake, unabana kwenye jiliwa mpaka kikofia kitokeze. Hauna jiliwa, nyundo na kipande cha mbao gumu vinatosha ila piga kwenye uma, usithubutu kupiga lile bomba la propela, likibonyea balansi imeondoka na hapo ni mpaka uwafuate watu wa mashine za kukereza.

Kwenye kuweka mpya hapa ndo watu wanaharibu. Ndani ya kila kikofia kuna sindano nyembamba zimesimama zimepangana ukutani, zinashikwa na grisi tu. Toa kikofia taratibu, ongeza grisi kidogo, hakikisha zote zimesimama. Sindano moja ikianguka ikalala chini ya kikofia, kikofia hakifiki mwisho, ule mfereji wa kilipu hautauona wote, na mtu asiyejua anaongeza nguvu ya nyundo mpaka kinapasuka. Ukiona kilipu inakataa kuingia acha kupiga, toa, angalia sindano. Panga pia nipeli ya grisi ielekee upande ambao pampu ya grisi itafika propela ikiwa imefungwa. Ukimaliza chezesha kros kwa mkono pande zote, inatakiwa iende laini, ikiwa inakaza upande mmoja gonga uma kidogo kwa nyundo kutoka nje ili vikofia vikae dhidi ya kilipu zake, utaona inalegea.

Bei ya kros haifiki hata robo ya bei ya difu used, na kama unapata ya kampuni nzuri ya Japani ongeza hiyo hela, hizi za bei ya chini sana grisi yake ndani ni ya kulainishia safari ya dukani tu.

Sasa maji. Hili ni la kwetu kabisa watu wa ziwani. Jirani yangu anabeba dagaa, anashuka na gari mwaloni Igombe, pale mitumbwi inaposhusha mzigo, mpaka matairi yanaingia majini ili apakie karibu na mtumbwi, difu yake ikaanza kuvuma na sili za nyuma (mipira ya kuzuia oili) zikawa zinavuja kila zikibadilishwa. Akaniambia, "Kaka, fundi kasema niagize difu nzima." Nikamuuliza, "Mzee wangu, kuna mtu ameshafungua kuangalia oili kweli?" Hakuna aliyefungua. Tukafungua, oili ikatoka na rangi ya chai ya maziwa.

Sababu yake ni hii. Juu ya ekseli ya nyuma kuna kipumulio, kakofia kadogo ka chuma ambako wengi hawajawahi kukaona. Difu ikifanya kazi inapata moto, hewa ya ndani inatanuka inatoka pale. Ukishuka ziwani difu ikiwa ya moto, maji ya baridi yanaipoza ghafla, hewa inasinyaa, difu inavuta. Kama kipumulio kiko majini inavuta maji, kama kimeziba na tope inavuta maji kupitia kwenye sili. Na ukiwa barabarani kimeziba hivohivo presha inakosa pa kutokea inasukuma oili nje kwenye sili, ndo maana unabadilisha sili kila siku hazidumu. Toa hako kakofia, safisha kwa petroli, na kama unashuka mwaloni mara kwa mara vuta mpira wa mafuta kutoka pale mpaka juu kwenye bodi, karibu na sehemu ya kujazia petroli, ufunge usiguse silensa. Kila anayeshusha gari majini kwenye mialo yetu, hili alifanye wiki hii asisubiri.

Ukibadilisha oili ya difu anza kufungua nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, kwa sababu ukishamwaga oili yote alafu nati ya juu ikagoma umebaki na gari isiyotembea. Fungua gari ikiwa imetoka kutembea ili oili iwe nyepesi. Angalia sumaku ya nati ya chini kama inayo, ungaunga laini wa kijivu ni kawaida kwa umri wa gari, lakini vipande unavyovihisi kwa vidole ni meno au beringi, hapo sasa nakubaliana na fundi. Jaza oili namba 90 yenye alama ya GL-5 (daraja la oili ya gia), gari ikiwa imekaa sawa, mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia. Kwa gia boksi ya manyuo soma kitabu cha gari kwanza, nyingi za zamani zinataka GL-4 kwa ajili ya zile ringi za shaba za kuingizia gia, usimimine GL-5 kila mahali kisa imebaki kwenye kopo. Kama maji yaliingia, tembea siku chache na oili mpya alafu uimwage tena, ya kwanza huwa inatoka na maji yaliyobaki.

CV sitaongea sana. Buti, ule mpira unaoifunika, likipasuka na CV bado hailii, safisha grisi yote ya zamani, weka nyeusi mpya ya CV, weka buti jipya, imeisha. Ikishaanza kulia buti jipya halisaidii.

Kuna kazi nazikataa kufanya nyumbani. Kupanga krauni na piniani ni moja, ule uwazi kati ya meno unapimwa kwa kifaa, hauhisiwi kwa mkono. Nati ya piniani ni nyingine, mtu anataka kubadilisha sili ya mbele ya difu anafungua nati, anafunga kwa nguvu zake zote, hajui ile nati ndo inayoamua beringi zibanwe kiasi gani, difu iliyokuwa nzima inakufa kwa sili. Hiyo mpe fundi anayeijua, na muulize kabisa ataipimaje.

Na ikithibitika kweli difu imekufa, unanunua kwenye gari za kuchinjwa, basi hesabu meno, usikubali maneno ya "hii ni ya Escudo inaingia". Inaingia ndiyo, bolti zinakubali, ila za Escudo zenyewe zinatofautiana kwa injini na gia boksi. Chukua meno ya krauni gawa kwa meno ya piniani, mfano 41 kwa 8 unapata 5.125, na namba ya nyuma lazima ilingane na ya mbele. Zikitofautiana, ukiwa 2H hutajua kitu, siku unaingia mbuga ya Magu mvua imenyesha unavuta kijiti cha fowili, mbele inataka kwenda spidi yake na nyuma yake, matope yatakuokoa kidogo kwa kuteleza, ukifika pagumu transifa inapasuka. Kama difu iko tayari kwenye gari unapima hivi, nyanyua tairi moja ya nyuma, nyingine ibaki chini na mawe, gia frii, zungusha ile iliyo juu mizunguko miwili kamili huku mwenzako anahesabu propela imezunguka mara ngapi, akipata tano na kidogo uko kwenye hiyo ya 5.125.

Ndo maana pia usiweke fowili kwenye lami kavu. Mbele na nyuma zinafungwa zizunguke sawa, wakati kwenye kona matairi ya mbele yanatembea njia ndefu zaidi, ile tofauti haina pa kwenda inajikunja ndani ya transifa na kros. Kijiti kikigoma kutoka, rudi rivasi mita chache usukani ukiwa umenyooka, usikilazimishe. Na matairi yote manne yawe saizi moja na yameisha karibu sawa.

Ukishafunga propela, tembea kidogo mtaani kama kwenda Mkolani na kurudi, alafu rudi chini na spana uzipitie zile bolti nne tena. Shika difu kwa mkono, ya uvuguvugu ni sawa, ikikuunguza angalia kwanza oili kama imefika kwenye tundu.