Nimebadili IP kwa nmcli lakini haibadiliki

SWALI: Habari mkuu, nina kompyuta ya Linux naitumia kama seva ndogo, haina skrini, naingiaga kwa SSH tu, yaani kwa mbali kupitia mtandao. Ruta kila mara inaipa IP nyingine ikabidi niipe ya kudumu, nikaandika nmcli con mod na adresi mpya, haikulalamika kitu, ila nikicheki kwa ip a naona ileile ya zamani. Shida nini? Na waifai naweza kuunganisha hukohuko kwenye terminali?

JIBU: Salama kabisa mkuu. Umefika nusu ya njia. Kwenye NetworkManager, ile programu inayosimamia mtandao ambayo unaiamuru kwa nmcli, kuna kifaa na kuna profaili, na hapo ndo wengi wanachanganya. Kifaa ni kadi yenyewe, eth0 au wlan0, andika nmcli device status utaviona. Profaili ni maelezo yaliyohifadhiwa kwenye diski kwamba kadi itumie adresi gani, DNS gani (seva inayotafsiri majina ya tovuti kuwa IP), paswedi gani, hizo unaziona kwa nmcli connection show (con ni kifupi cha connection, dev cha device). Sasa con mod inaandika kwenye profaili tu, kadi inaendelea na ya zamani mpaka uiwashe upya kwa con up.

Ila subiri kwanza, wewe huna skrini, ukikosea adresi umejifungia nje. Afadhali utengeneze nakala, tuseme profaili yako inaitwa kawaida:

nmcli con clone kawaida jaribio

nmcli con mod jaribio ipv4.method manual ipv4.addresses 192.168.1.50/24 ipv4.gateway 192.168.1.1 ipv4.dns 1.1.1.1 connection.autoconnect no

nmcli con up jaribio

Namba weka za mtandao wako, na chagua adresi ambayo ruta haigawi kwa wengine. Viandike vyote kwa pamoja maana ukitaja manual peke yake bila adresi itakataa, na hiyo /24, inayoonyesha ukubwa wa mtandao, usiisahau kabisa, ukiiacha inachukulia /32 na hapo mtandao unagoma. SSH itaganda, ni kawaida, ingia upya kwa adresi mpya. Ikigoma zima mashine uwashe, itarudi kwenye kawaida kwa sababu jaribio haijiwashi yenyewe. Ikikubali weka autoconnect yes kwa jaribio na no kwa kawaida, basi. Na tafadhali usianze na con down (kuzima profaili) ukiwa ndani ya SSH, unakata tawi ulilokalia!

Waifai ni rahisi, nmcli dev wifi list uone majina, halafu nmcli --ask dev wifi connect na jina la mtandao, itakuuliza paswedi yenyewe. Wengi wanaiandika paswedi humohumo kwenye komandi, sipendi hiyo tabia kwa sababu inabaki kwenye historia, anayekuja nyuma yako akibonyeza mshale wa juu anaisoma. Ukiwa na waya na waifai kwa pamoja usishangae data ikipita kwenye waya, kwa kawaida waya inapewa metriki (namba ya kipaumbele cha njia) 100 na waifai 600, na namba ndogo ndo inatangulia, ukitaka kugeuza badili ipv4.route-metric kwenye profaili halafu con up tena.